Swali la Rosina na Simu ya Langoni

Kila siku ya shule Rosina Bostander aliamka mapema, akakoka moto, akainjika birika, kisha akamwamsha baba yake kwa maneno yale yale: "Baba, saa imefika. Simu uiache!" Naye Dawid Bostander, akiwa bado anatafuta soksi ya pili, alijibu, "Iko juu ya kabati, mwanangu. Haiendi popote."

Dawid alikuwa mlinzi wa lango la kituo cha madishi. Madishi hayo makubwa yalisimama nyikani Karoo, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kijiji chao cha Vaalkolk, yakisikiliza mawimbi dhaifu ya redio yanayotoka kwenye nyota za mbali. Kwa sababu hiyo, huko hakukuwa na simu wala redio. Hata gari la petroli halikuruhusiwa kusogea, la dizeli tu, maana cheche za plagi zake zinasikika. Simu moja iliyowashwa ingepiga makelele kuliko nyota zote za usiku, na kazi ya wiki nzima ikaharibika.

Watoto wa Vaalkolk walilijua jambo hilo tangu wakitambaa. Lakini walikuwa na imani nyingine ambayo hawakufundishwa na mwalimu yeyote: kwamba simu ukiifunga kwa foili ya chakula, basi imelala na haiwezi kusikika. Nani aliuanzisha uongo huo hajulikani. Ila ungemuuliza mtoto yeyote pale kijijini, angekuapia kwa jina la mama yake kwamba ni kweli.

Alhamisi moja Rosina hakuweza hata kumeza mkate. Ilikuwa siku ya darasa la saba kutembelea madishi, na kila mwaka mwanafunzi mmoja tu huchaguliwa kumuuliza mwanasayansi swali mbele ya wote. Mwaka huo, kati ya wanafunzi thelathini na mmoja, Mwalimu Saaiman alimchagua Rosina.

"Hebu lisome tena," alisema Babu Floors, akipuliza chai yake.

Rosina akakunjua karatasi. "Je, mtu akiingia kwenye shimo jeusi linalozunguka, anaweza kutokea siku iliyokwisha kupita?"

Babu aliweka kikombe chini. Alijua mjukuu wake alitaka kurudi siku gani. Miaka miwili nyuma, walipokuwa bado wanaishi shambani, Rosina alisahau kufunga lango la zizi. Mbweha wakaingia, wakaua wana-kondoo kumi na mmoja. Asubuhi yake mtoto alikwenda mwenyewe kwa babu yake, akasema, "Babu, ni mimi." Mzee hakumpiga wala hakumfokea. Watu walipouliza, alisema upepo ndio uliofungua lango. Lakini kundi halikuinuka tena, na mwisho babu akauza waliobaki, akahamia kijijini. Siri hiyo waliijua watu watatu tu: babu, baba, na Mercia, rafiki yake Rosina wa chanda na pete.

"Nenda kaulize," alisema babu. "Ila usihuzunike jibu likiwa hapana."

Shuleni, basi la dizeli lilikuwa linanguruma. Mercia alimkimbilia Rosina, akamkumbatia kwa nguvu.

"Rozi, shoga yangu, nisaidie. Mkoba wangu zipu imekufa. Nibebee mkate wangu, tutakula pamoja huko."

Akampa furushi dogo la foili. Rosina akalitia mkobani, karibu na mkate wake mwenyewe, bila kuuliza neno. Mtu wa kwake, angeuliza nini?

Njiani Elrico, aliyekuwa na mdomo usiojua kupumzika, aliimba nyimbo za kuwatania wenzake. "Rosina akienda jana, aniletee kiporo cha Jumapili!" Basi zima likacheka, na Rosina naye akacheka. Alishika karatasi yake mkononi, akawa anarudia swali kimoyomoyo.

Langoni walishuka, wakapanga mstari. Dawid Bostander alikuwa amevaa sare yake, uso ameukaza. Kazini hakuwa na mtoto wala ndugu, na Rosina alijivunia hilo. Mlinzi alipekua mkoba mmoja mmoja. Alipofika kwa binti yake, akatoa chupa ya maji, daftari, mkate wa kwanza, kisha furushi la pili. Akalibonyeza.

"Mkate gani huu mgumu hivi?" aliuliza.

Akafungua foili. Ndani yake ilikuwamo simu. Tena taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka.

Loo! Dawid aliizima haraka, akaitia kwenye sanduku la chuma na kulifunga.

"Rosina. Hii ni nini?"

"Baba, siyo yangu! Ni mkate wa Mercia, yaani... aliniambia ni mkate. Aliniomba nimbebee." Akamgeukia rafiki yake. "Mercia, sema basi!"

Mercia alitazama viatu vyake. Kisha akainua uso na kusema kwa sauti nyembamba, "Mimi? Mimi chakula changu ni hiki hapa." Akaonyesha tofaa mfukoni mwake. "Sijui anasema nini."

Rosina alimtazama Mercia, akingoja acheke, aseme ni utani. Mercia hakucheka.

"Tuiwashe, Baba! Ukiiwasha tu utaona ni ya nani!"

"Hapa simu haiwashwi, hata kwa kumtafuta mwenyewe. Unajua."

"Basi niamini mimi!"

Dawid alimtazama, akamtazama Mercia, akatazama foili iliyokuwa mkononi mwake. Wanafunzi thelathini walikuwa wanasubiri kuona mlinzi atafanya nini kwa mtoto wake.

"Kosa ni kosa," alisema. "Lakini usimsingizie mwenzako, Rosina. Hilo sikukufundisha."

Akachukua kitabu cha taarifa, akaandika: Simu imekutwa imefichwa ndani ya chakula. Mwenye mkoba ni binti yangu. Aliweka sahihi. Alijua Jumatatu ataitwa kwa wakubwa kujieleza, na pengine sare ile ataivua. Hata hivyo aliandika, na mwandiko wake haukupinda. Rosina aliona kila neno, na kila neno lilimchoma. Baba yake alikuwa mkweli kwa kila mtu, lakini ukweli wa binti yake hakuuamini.

"Yeye atabaki hapa," Dawid alimwambia Mwalimu Saaiman. "Ndiyo sheria."

Mwalimu akauliza, "Sasa nani atasoma swali?"

"Mimi naweza, Mwalimu," alisema Mercia upesi. "Nalijua kwa moyo."

Rosina alitoa karatasi. Hakumpa Mercia, alimpa mwalimu. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi ndani ya kibanda cha lango, akageuzia ukuta uso wake.

Ilikuwa siku ndefu, jamani! Baba na mtoto walikaa chumba kimoja muda wa saa sita nzima bila kuzungumza. Mara moja Dawid alimsogezea kikombe cha chai. Rosina hakukigusa. Alilia mpaka akachoka, halafu akabaki anatazama dirishani. Madishi yalionekana kwa mbali, meupe, yote yameelekea upande mmoja, na yeye hakujua yanasikiliza nini. Wenzake walikuwa wanaambiwa.

Saa tisa basi lilirudi langoni. Dawid alimkabidhi mwalimu simu ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi. "Usiifungue kabla ya ubao mweupe," alisema, akimaanisha ubao wa barabarani unaoonyesha mwisho wa eneo la ukimya. Mwalimu akaitia kwapani. Rosina alipanda basi bila kumuaga baba yake, akakaa kiti cha mbele peke yake. Mercia alikwenda kukaa nyuma kabisa.

Elrico hakuweza kuvumilia. Alikuja akakaa ubavuni mwa Rosina.

"Nikusimulie au utanipiga?"

"Simulia."

"Basi, mwanasayansi mwenyewe ni mama mmoja anaitwa Daktari Nthabiseng, mcheshi kweli. Kasema nyota kubwa sana ikifa inajikunja, inajikunja, mpaka inakuwa shimo ambalo hata mwanga hautoki. Na kama nyota ilikuwa inazunguka, shimo nalo linazunguka, kwa kasi ambayo huwezi kuiwaza. Linaburuta kila kitu kilicho karibu, mpaka nafasi tupu yenyewe, kama mwiko unavyoburuta uji."

"Na jana?" Rosina aliuliza. Pamoja na uchungu wote, alimsogelea.

"Ngoja! Kasema ukichukua kalamu ukapiga hesabu, ndani kabisa ya shimo kama hilo inatokea njia inayojipinda, ikajipinda, mpaka ikarudi kwenye wakati wake wa nyuma. Hesabu haikatai."

"Haikatai!"

"Kwenye karatasi. Lakini anasema wataalamu wengi hawaamini kama njia hiyo inaweza kudumu. Kikiingia kitu chochote, hata mwanga kidogo tu, inavurugika. Na aliyeingia hatoki tena kuja kutusimulia. Kwa hiyo kama unataka kujua hakika, hakuna ajuaye, ila yeye hatakufungia mizigo ya safari hiyo."

Rosina aliegemea kiti. Alikuwa amelisubiri jibu hilo miezi sita, na lilimfikia mwisho wa siku kama makombo ya karamu.

"Halafu," Elrico aliendelea, sauti imeshuka, "Daktari akamuuliza Mercia kwa nini anataka kurudi nyuma. Ee bwana, alitutoa machozi sote! Kumbe aliacha lango la zizi wazi, mbweha wakala wana-kondoo wa babu yake, kumi na mmoja. Mpaka Daktari akafuta macho."

Rosina aligeuka polepole. "Alisema nini?"

"Kumi na mmoja. Mimi nikamwambia, ala, si kama yale yaliyompata babu yake Rosina, siku ile ya upepo? Akasema hata kwao ilitokea." Elrico akakuna kichwa. "Lakini sasa nikifikiri vizuri... babu yake Mercia si ndiye fundi viatu? Kondoo kawatoa wapi?"

Mwalimu Saaiman, aliyekuwa kiti cha jirani, alishusha miwani yake. Alitazama nyuma ya basi, akamtazama Rosina. Tangu hapo mkono wake haukutoka juu ya bahasha.

Walipopita ubao mweupe, alimwambia dereva asimame. Akafungua bahasha, akawasha simu, akaiinua juu ili basi zima lione. Kioo kikaangaza. Palikuwa na picha ya Mercia, ametoa ulimi. Mara simu ikalia, ujumbe ukaingia, na mwalimu akausoma kwa sauti: "Mercia mpenzi, simu niliyokutumia inafanya kazi? Usisahau picha ya madishi. Ni mimi shangazi yako."

Ndani ya basi hakuna aliyecheka, hata Elrico.

"Nilitaka picha moja tu," Mercia alianza kulia. "Nilidhani foili itailaza, haitasikika! Baba yake Rozi alipoipata nikaogopa, nikasema neno la kwanza lililonijia. Halafu nikashindwa kulirudisha. Natamani irudi asubuhi, Mwalimu! Natamani irudi asubuhi!"

Rosina alisimama. Alitembea mpaka nyuma ya basi, akishika viti.

"Simu ningekusamehe," alisema. "Ungesema palepale langoni, ningekusamehe kabla hujamaliza. Lakini wale wana-kondoo, Mercia! Nilikuambia wewe tu. Nililia mbele yako wewe tu. Unaniacha kwenye kibanda, halafu unakwenda kulia machozi yangu mbele za watu?"

"Aliniuliza kwa nini. Sikuwa na jibu, Rozi."

"Hukuwa nalo kwa sababu swali halikuwa lako."

Darasa zima sasa lilijua ni nani aliyeacha lango wazi. Rosina alilitambua hilo, akasimama wima vilevile. "Ndiyo, ni mimi," aliwaambia. "Upepo haukuwapo. Babu alinisitiri." Akarudi kukaa mbele. Elrico alimpa tofaa lake bila mzaha wowote.

Mwalimu Saaiman alimketisha Mercia kando yake. "Umemsikia Daktari kwa masikio yako mwenyewe," alisema. "Asubuhi hatuna njia ya kuirudia. Ungeweza kusema kweli saa tatu, hukusema. Saa sita, mbele ya Daktari, hukusema. Hata sasa umengoja mpaka simu ikusemee. Bado unayo jioni. Ukishuka hapa utakwenda wapi kwanza?"

Mercia alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Kwa baba yake Rosina."

"Nitakusindikiza. Lakini maneno ni yako."

Dawid alifika nyumbani saa kumi na moja, gari la wafanyakazi lilipomshusha. Alikuta watu wamemsubiri uani: mwalimu, Mercia, Babu Floors kwenye kiti chake, na Rosina amesimama mlangoni mikono kifuani. Mercia alisema yote. Alisema simu, akasema mkate, akasema tofaa, na alipofika kwenye wana-kondoo akakwama, kisha akasema na hayo pia.

Dawid alivua kofia. Hakumjibu Mercia kwanza. Alikwenda mpaka mlangoni, akapiga goti moja ili macho yake yawe sawa na ya binti yake.

"Mwanangu, nimekukosea," alisema. "Nilipekua mkoba wako vizuri, kila kona. Lakini wewe sikukuuliza, nilikuhukumu. Mtoto aliyekuja mwenyewe kwa babu yake akasema ni mimi, wakati hakuna aliyemwona! Mtoto huyo nimemwita mwongo mbele ya darasa zima. Niliogopa watu wasije wakasema nampendelea. Woga wangu na woga wa huyu mwenzako ni ndugu."

Rosina alitaka kuendelea kukasirika. Alijitahidi kweli. Lakini alipoona kidevu cha baba yake kinacheza, alimwangukia shingoni, akalia upya.

"Na wewe binti," Dawid alimwambia Mercia, akiwa bado amemshika mtoto wake, "Jumatatu utakwenda nami kwa wakubwa, useme haya haya. Mimi nitaandika taarifa upya. Mtu anayesema uongo anafikiri amejificha yeye, kumbe amemsukuma mwingine asimame mahali pake. Leo mwanangu alisimama mahali pako kutwa nzima. Usisahau uzito huo."

Mercia alikwenda Jumatatu na wazazi wake, akasema. Alikatazwa kufika kwenye madishi mwaka mzima, na Dawid akabaki na sare yake. Shuleni aliendelea kukaa dawati moja na Rosina. Walisalimiana, waliazimana rula. Siri, hapana. Siku moja Mercia aliuliza, "Tutakuwa kama zamani?" Rosina alifikiri, akajibu kwa ukweli, "Sijui. Bado." Naye Mercia akaitika tu, akaendelea kuandika.

Wiki mbili baadaye ilikuja barua kutoka kwa Daktari Nthabiseng. Mwalimu Saaiman alikuwa amemwandikia yaliyotokea. Barua ilikuwa fupi: Nimeambiwa swali lile lina mwenyewe. Namwomba aje aniulize upya, maana nina hakika atanibana zaidi.

Jumamosi Dawid alimpeleka kwa gari la wafanyakazi. Haikuwa zamu yake. Langoni alikuwapo mlinzi mwenzake, Apools, mtu wa masharubu na sheria zake.

"Hata wewe, Bostander," Apools alisema. "Kofia juu, mifuko nje."

Dawid akageuza mifuko nje. Apools akamgeukia Rosina, akanyoosha mkono. "Lete mkoba, binti."

"Utaupekua, ni kazi yako," alisema Dawid. "Lakini muulize yeye kwanza."

Apools akashangaa kidogo, kisha akainama. "Haya. Una simu, binti?"

"Sina," alisema Rosina.

"Amesema hana," Dawid alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani ya kibanda. "Sasa pekua."